Kamba ya Upande Mmoja

Hadi leo nikipita Rodi Kopany huwa navuta kofia machoni, maana pale sokoni kuna akina mama ambao wakiniona tu wanashikana mikono, wanajifanya wanatumbukia, kisha wanacheka hadi wanakalia viazi vyao. Wana haki. Mimi ndiye yule kadeti aliyemtupa mama yake mzazi mtoni pamoja na mkwewe, tena mbele ya ukoo mzima wa mkwe, tena nikiwa nimevaa suti.

Nilikuwa nimepewa likizo fupi, na nikirudi kambini kila kadeti angeulizwa anataka kuwa afisa wa kikosi gani, na ukishataja umetaja, hicho ndicho utakula nacho ugali hadi ustaafu. Mimi tangu mwanzo nilitaka wahandisi, wale wanaojenga madaraja na kufungua njia ili wengine wapite. Baba (karani mstaafu, Msabato wa kupiga pasi hadi soksi) alitaka niende upande wa mishahara.

"Apiyo, hata jeshi lina viti," aliniambia. "Kaa kwa kiti. Daraja ni kazi ya watu walio na mabega."

Hayo mabega yaliniuma. Sasa, kati ya boma letu na barabara kuna kijito, na mvua ilikuwa imebeba mawe tuliyozoea kukanyaga tukivuka, na Jumapili hiyo tulikuwa tunangoja wageni kutoka Suna, watu wa Odhiambo, mume wa pacha wangu Adongo, waje kunipongeza. Nikatangaza mezani kwamba nitajenga daraja. Baba akaweka kijiko chini.

"Sawa. Wageni wakivuka na viatu vikavu, chagua huo uhandisi na nitakuombea. Viatu vikilowa, unaenda mishahara na hatuongei tena hii maneno."

Nikasema sawa, Baba. (Mdomo huu.) Ningeweza kuchagua bila yeye, mimi ni mtu mzima, lakini sikutaka kwenda jeshini na kinyongo cha baba mgongoni.

Nilikata mikaratusi mirefu, nikailaza juu ya maji, nikapigilia mbao, nikafunga kila kitu kwa mafundo tuliyofundishwa, kisha nikarukaruka juu yake hadi majirani wakaacha kulima wanitazame, na daraja halikutikisika. Ikabaki kamba ya kushikilia. Niliyokuwa nayo ilitosha upande mmoja tu, na ya pili ilimaanisha kwenda hadi Rodi kununua, na mimi nilitaka kuoga nivae suti mpya. Nikajiambia, upande mmoja unatosha, nani huvuka kijito kwa mikono miwili? Nikaenda kuoga.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze kidogo: mama mkwe, ambaye tunamwita maro, na mume wa bintiye hawashikani mkono, hawakaribiani, hawatazamani usoni. Si uadui, ni heshima, na heshima yenyewe ni nzito kuliko ng'ombe waliolipwa. Haya yote nayajua tangu utotoni, lakini nikijenga nilikuwa nafikiria uzito wa watu, sikufikiria ni watu gani.

Wageni wakafika mapema. Odhiambo akatangulia, belo ya unga begani imemziba uso upande mmoja, huku upande wetu Mama anatoka mbio kwenda kwa jirani kuchukua chapati, karai tupu kichwani limemfunika hadi nyusi. Wakakutana katikati. Watu wengine wangegeuka ubavu wakapishana wakicheka. Hawa wawili waliganda. Mama akaachia kamba ili mkwe aishike apite. Odhiambo naye, kijana aliyelelewa vizuri, akaachia ili maro aishike. Kisha kila mmoja akajivuta kwenye ukingo usio na kamba ili nguo zao zisigusane, ukingo ule ule, miguu kwenye ncha ya mbao. Nikawaona wanaanza kuyumba, na hapo mafunzo ya gwaride yakanitoka kabla ya akili.

"Shikaneni!" nilinguruma. "Shikaneni mikono!"

Ng'ambo ya pili Suna nzima ilinisikia nikimwamuru mama yangu amshike mkwewe. Na Mama, maskini, alitii akiwa hewani, ila alichokipata si mkono, ni tai ya Odhiambo. Wakaenda majini pamoja, karai na wao, belo ikarukia kando. Maji yalifika kiunoni tu, lakini Mama hakuiachia ile tai, na Odhiambo alikuwa anakohoa macho ameyafumba kwa heshima. Wageni nao wakageuka wote wakatupa mgongo, kwa sababu mambo hayo hayatazamwi, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kuwavuta. Nikaruka mimi. Belo ilikuwa imepasukia ukingoni mwa kijito, nikakanyaga unga ulioloa, nikateleza nikawafuata kwa makalio.

"Yawa, Apiyo," Adongo aliniambia baadaye, hajui kama acheke au alie. "Bwanangu atakula kwetu tena aje?"

Alikula kwa jirani. Mama hakutoka jikoni. Wazee wakaketi kujadili heshima itarudishwaje, na Baba akanipita akitazama viatu vya Odhiambo vikichuruzika uani.

"Mishahara," akasema.

Niliumia, na nikakasirika, zaidi na mimi mwenyewe. Lakini nilirudi kijitoni nikalitazama lile daraja: hakuna gogo lililopasuka, hakuna fundo lililolegea. Kosa halikuwa uhandisi, kosa lilikuwa mimi. Basi nikaenda Rodi na suti yangu yenye unga na matope kutafuta kamba (ndipo wale akina mama waliponipokea), na wageni walipokubali kulala, alfajiri ilinikuta majini nikikita nguzo, napanua katikati ya daraja mtu aweze kukaa kando, nafunga kamba upande wa pili. Baba akaja akasimama, mikono nyuma.

"Baba, ulisema wageni wakivuka," nikamwambia. "Hukusema ni wakija ama wakirudi."

Wageni wakaanza kuondoka. Mama akatangulia hadi pale palipopanuliwa, akasimama kuwapa mgongo, ameshika kamba yake. Odhiambo akapita nyuma yake ameshika kamba ya pili, hawakugusana hata pindo. Mama akasema akitazama maji, "Mwende salama, watoto wangu." Baba alisubiri wa mwisho afike ng'ambo, akavuka, akainama akawakagua miguu mmoja mmoja.

"Viatu ni vikavu," akasema, kisha akavua kofia akaniombea pale pale, ndefu kweli, mimi bado nimo majini nikitetemeka.

Nimeapa sitajenga tena daraja kabla sijauliza nani anamheshimu nani huko. Kambini, afande alipofika kwangu nilisema wahandisi kabla hajamaliza swali. Akaniuliza kama nimewahi kujenga chochote.

"Daraja moja, afande. Mamangu alianguka kutoka juu yake, na bado analivuka."