Siku Niliyomtafsiria Bibi, Ibra

Bibi alikuja Sur, Oman, kutoka Unguja mwishoni mwa miaka ya tisini, na sanduku moja, kopo la karafuu, na swali moja tu: lini tutakwenda Ibra kumwona kaka yake? Waliachana yeye ana miaka sita, kaka ana tisa, baba yao alipompeleka huyo mtoto wa kiume akasome dini kwao, kwenye boma alilolijenga babu yao kwa fedha za karafuu. Akabaki huko huko. Barua zake zilifika Unguja kila mwaka, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, halafu zikakatika. Baba yangu kila wiki akisema, "Alkhamisi ijayo, inshallah." Mpaka Bibi akachoka, akaniita mimi.

"Mume wangu, vaa dishdasha yako safi. Wewe Kiarabu unacho, mimi n'nacho cha kusalia tu. Utanitafsiria."

Nilikuwa darasa la kumi, na kazi ya kutafsiri niliipenda vibaya sana. Mkalimani hakaguliwi na mtu. Sokoni nilimwambia Bibi kuwa muuza samaki kayasifu macho yake, na muuza samaki nikamwambia Bibi anasema papa wako kafa kwa uzee. Mmoja akaona haya, mmoja akatukana, mimi nikala raha yangu.

Tukapanda teksi. Njia nzima Bibi kapakata kopo la visheti alivyokaanga tangu alfajiri. Kaka yake, ati, alikuwa akiviiba jikoni vikiwa bado moto.

Boma nilihadithiwa mpaka nikalijua: msikiti, chuo cha Kurani, sebule ya wageni, mitende, na mfereji wa falaj unaopita chini ya ukuta. Nilichokiona ni udongo unaorudi kuwa udongo. Mlango ulikuwa wa Unguja kweli, umechongwa maua na minyororo. Lakini nyuma yake mapaa yameanguka, na mbuzi kasimama dirishani kama mwenye nyumba.

Mzee mwenye ufunguo, jamaa wa ukoo wetu, akatoka na bakora yake. Alimwamkia Bibi kwa mbali, kwa adabu, kisha akanipa mkono mimi, mwanamume wa msafara, mwenye ndevu tatu. Habari zenu? Hakuna habari, nikajibu. Mna jipya gani? Hakuna jipya. Nikamgeuzia: na nyinyi, habari za jamaa, habari za mzee wetu, kaka wa Bibi?

"Hakuna habari, alhamdulillah. Kheri tu."

Aliyekulia Oman anaijua desturi hii. Hata nyumba yako ikiwa inaungua nyuma yako, mlangoni unasema hakuna habari. Habari zenyewe hutoka baada ya kahawa. Mimi nilijua. Bibi hakujua.

"Kasemaje?"

"Kasema kaka yako mzima kama ngamia. Yuko ghorofani anachana ndevu, kasikia mwanamke mzuri kaja."

Sikufikiri. Lilikuja lenyewe, kama yanavyokuja yangu yote. Bibi alinitandika kibao cha bega, "Mshenzi wewe!", na uso ukamfunguka namna ambayo sikupata kuiona. Akatangulia ndani na kopo lake.

Mzee akadhani tunataka kutembezwa kwanza, akatufungulia. Msikitini mikeka imeliwa na mchwa. Chuoni watoto wa zamani walichora herufi kwa msumari kwenye chokaa ya ukuta, na Bibi akazipitia kwa kidole, moja moja, akiutafuta mkono wa kaka yake. Kisha akaiona ngazi.

"Kaka! Kaka, shuka! Nimekuja!"

Ngazi ilikuwa na daraja saba, halafu mbingu. Njiwa wakaruka. Mzee akaniuliza, anamwita nani? Nikasema, hamwiti mtu.

"Atakuwa katokea mlango wa nyuma," Bibi akasema. "Hakuwa mtu wa kutulia tangu mdogo."

Tukakaa kivulini, tukaletewa tende na kahawa. Bibi akamwekea kaka yake nafasi ubavuni pake, akaweka kopo hapo. Nilikunywa vikombe vitatu, nikaogopa kukitikisa cha tatu, maana ukitikisa kikombe umetosheka, na ukitosheka habari zinakuja. Nikaomba cha nne. Mzee akanitazama. Nikakitikisa.

Akaweka dele la kahawa chini. Akasema, kwa sauti ile ile ya langoni, kwamba mzee wetu alifariki Ramadhani iliyopita, na barua waliipeleka Unguja, kwa anwani ya zamani.

"Kasemaje?"

Nikamwambia.

"Wacha upuuzi wako."

"Wallahi, Bibi."

"Si sasa hivi umesema yuko juu? Hata hili unalifanyia mchezo?" Akamgeukia mzee mwenyewe, na Kiarabu chake cha kusalia. "Akhuy?" Ndugu yangu?

Mzee akainua viganja. "Allah yirhamo." Mungu amrehemu.

Hapo sikuhitajika.

Makaburi yako nyuma ya mitende. Kule hawaandiki majina. Mwanamume anasimamishiwa mawe mawili, basi. Mzee alinyoosha bakora, akasita, akaihamishia kaburi la pili.

"Muulize ni lipi," Bibi akasema.

Nikauliza. Nikampa jibu lilivyo, bila chumvi, kwa mara ya kwanza tangu aje. "Anasema ama hili ama lile. Hana hakika."

Bibi akasimama katikati, akasoma Fatiha mara mbili.

Visheti tukarudi navyo. Ndani ya teksi nikasema, "Bibi, nisamehe," nikiwa nimeelekea dirishani. Dereva, kijana mchangamfu, akatuuliza kama ilivyo desturi: habari zenu? Nikafungua mdomo. Bibi akaniwahi, kwa Kiarabu kile kile alichokisikia langoni, taratibu, bila kukosea hata herufi.

"Hakuna habari, alhamdulillah."