Twahira na Kesi Iliyofutwa

Nyumbani kwa mzee Omary, Daraja Mbili, kuna sheria ambayo watoto wote wanne wamekua nayo: jambo la aibu likishakwisha halitajwi tena, si mkekani wakati wa kula, si msibani, wala mbele ya shehe. Twahira, binti wa tatu, aliishika sheria hiyo kuliko wenzake wote.

Jambo lake lilikuwa hili. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa muuzaji katika duka la simu sokoni Kwa Mrombo. Siku moja ya soko polisi waliingia, wakakuta simu sita za wizi chini ya kaunta, na mwenye duka akatorokea mlango wa nyuma. Aliyebaki ni Twahira. Alilala mahabusu siku mbili, akachukuliwa alama za vidole, akafikishwa mahakamani. Miezi mitatu mashahidi hawakutokea, hakimu akaifuta kesi. Siku hiyohiyo mama yake, Bi Nusura, alisomesha dua, akafukiza ubani nyumba nzima, kisha akaichukua nakala ya uamuzi wa hakimu na kuitia kwenye chetezo, juu ya makaa.

"Imefutwa," alisema. "Na harufu yake itoke."

Hakuna aliyemzuia. Mzee Omary mwenyewe ndiye aliyefungua madirisha.

Miaka mitano baadaye Twahira alikuwa amemaliza stashahada ya uuguzi na kufaulu mtihani wa leseni. Zahanati moja ya Sokon I ilimwahidi kazi, mradi alete leseni kabla Juni haijaisha. Kilichobaki ni fomu ya maombi na kutoa tena alama za vidole. Swali la kumi na moja liliuliza: Je, umewahi kukamatwa au kushtakiwa kwa kosa lolote, hata kama kesi iliisha bila kutiwa hatiani?

Alilisoma mara tatu. Aliliona kama limetungwa na mtu anayemjua. Akampelekea mama yake jikoni.

"Kesi iko wapi?" Bi Nusura aliuliza.

"Si ilifutwa, mama."

"Basi unataka kuifufua wewe?"

"Lakini swali linasema hata kama..."

"Mwanangu, hao wanatega. Wanatafuta wa kupunguza. Andika hapana, tia sahihi."

Akaandika hapana. Tusimlaumu mama peke yake. Kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mzima wa miaka ishirini na nne, aliyefundishwa darasani kwamba muuguzi haandiki dozi ambayo hakuitoa.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Kauthar, aliyekua naye mtaa mmoja na kusoma naye chuo kimoja, alipata leseni yake mapema. Twahira akaanza kumchunguza. Kauthar alikuwepo sokoni siku ile. Alimwona akipandishwa gari la polisi. Mbona sasa haachi kuuliza?

"Shoga, yako bado tu?" Kauthar alimwuliza wakichagua nyanya gengeni. "Au wameituma kwa miguu?"

"Unamwulizia nani?"

"Namwulizia nani tena? Nakuuliza wewe."

"Sema tu nani amekutuma."

Kauthar alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akalipia nyanya zake, akaondoka.

Mwezi Mei Twahira aliitwa ofisi ya leseni za wauguzi kujieleza. Kabla ya kwenda alipitia kwa kina Kauthar, akasimama mlangoni na kumwambia mbele ya mama yake mzazi, "Umeniuza." Hakungoja jibu.

Ofisini alimkuta Bi Penina, mama wa Kimeru mwenye miwani, asiye na haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Hili hapana umeliandika mwenyewe, au uliandikiwa?"

"Mimi mwenyewe. Nani amewaambia?"

"Vidole vyako, binti. Ulidhani nani?"

Akaigeuza taarifa ya polisi. Kukamatwa kulikuwemo, shtaka lilikuwemo. Mahali pa matokeo ya kesi palikuwa patupu.

"Kesi ilifutwa, mama. Haki ya Mungu."

"Inawezekana. Wapo waliokuja na kesi kama hiyo, wakaandika ndiyo, wakaambatisha uamuzi wa hakimu, wakapata leseni. Wako uko wapi?"

"Uliungua."

"Nyumba iliungua?"

"Hapana, mama. Tuliuchoma."

Bi Penina alivua miwani. "Kukamatwa kwako hakunisumbui," alisema. "Kinachonisumbua ni kwamba kesho utajaza chati ya mgonjwa, na mimi umeshanidanganya ukurasa wa pili wa fomu."

Faili la kesi lilipatikana mahakamani baada ya wiki saba za nenda rudi, na lilithibitisha kila alichosema. Kamati ya leseni haikuhesabu kukamatwa. Ilihesabu uongo, ikayasimamisha maombi yake mwaka mmoja. Julai zahanati ikamwajiri mtu mwingine. Twahira alikwenda kwa Kauthar kuomba radhi. Kauthar alisema amesamehe, akiwa ameshikilia mlango, na hakumkaribisha ndani; hajamkaribisha hadi leo.

Ile hapana moja aliyoiandika kwenye fomu ilimgharimu mwaka mzima, kazi ya Sokon I, na rafiki aliyekua naye.