Mjane, Mtumbwi na Bata Bukini

Siku mzee wa bunduki alipofika Garsen kutafuta mwongozaji, mji mzima uligeuka mwongozaji. Sisemi uongo, na nikisema ni kidogo tu, wa kutia ladha. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa akaja kulia kama bata mbele ya hoteli. Muuza mitumba alidai amezaliwa ndani ya matete. Kuna hata mmoja ambaye sote tulijua akivuka daraja la Tana hufumba macho, naye alikuwa mstari wa mbele, kifua wazi, tayari kumpeleka mgeni kwenye maji mengi.

Mimi nilikuwa mpishi na mfagiaji wa hoteli hiyo pale stendi na, mwenyewe akisafiri, nilikuwa meneja. Nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, miezi michache nyuma. Cheti changu nilikitia fremu nikakitundika juu ya jiko, na mwezi haujaisha moshi ukawa umekigeuza rangi ya kahawa. Lakini mwenye kujua kusoma hata kahawa ataisoma, na kila mteja aliyeagiza chai nilimsomea.

Mzee wa bunduki alikuwa muuza dawa mstaafu kutoka Mombasa, mwembamba, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, na bunduki yake ya marisau kaifunga katika blanketi kama mtoto mchanga. Miaka hiyo vibali vya kupiga ndege bado vilikuwa vikitolewa, na chake alikibeba mfukoni mwa shati, akikuonyesha hata kama hukuuliza. Alikuwa akija kila mwaka, na kila mwaka mwongozaji wake alikuwa mtu mmoja wa Idsowe, Mpokomo, fundi wa mtumbwi na wa bata. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza baada ya mvua kubwa ya Elinino, na mtu yule wa Idsowe alikuwa ameondoka na homa iliyokuja na mafuriko. Mzee alipopewa habari hiyo pale mezani kwangu, alisukuma chai pembeni, asiiguse tena mpaka utando ukashika juu.

Halafu akatoka nje kwa wale waongozaji arobaini, au mia nne, akawauliza swali moja tu. "Kesho bata watakuwa wapi?"

"Kule!" wakajibu wote, na mikono ikaelekea kila upande. Kama bata wangefuata mikono ile wangepasuka vipande.

Nyuma ya kundi alikuwa amesimama mwanamke, kanga kajitanda, mikono kaifumbata. Nilimjua sana. Tulikaa dawati moja ngumbaru, yeye na mimi, na hesabu zote nilizopata nilizipata kwa kuchungulia daftari lake. Alikuwa mjane wa yule mwongozaji, na eda alikuwa ameshamaliza.

"Na wewe, mama?" mzee akauliza.

"Mimi sijui," akasema. "Sijawauliza wenye ng'ombe."

Mzee akageuka mzima mzima. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo jibu alilokuwa akipewa na marehemu kila mwaka. Lakini wakati ule alisema tu, "Mtumbwi unao?"

"Ninao. Mpaka kesho."

Hapo inabidi nieleze. Marehemu alikuwa na ndugu yake, na ndugu huyo alisema mbele ya jamaa wote kwamba mtumbwi usiokuwa na mtu wa kuuendesha utaoza, kwa hiyo yeye atauchukua. Mjane akasema mtu wa kuuendesha ni yeye. Wakabishana siku tatu. Mwisho shemeji akakata shauri: "Yule mgeni wa Mombasa akija, akikuchukua wewe na akarudi ameridhika, mtumbwi ni wako, sitasema neno tena. Asiporidhika, naufunga kwangu." Na bila mtumbwi, mwanamke yule hakuwa na njia ya kufika kwenye shamba lake la mpunga ng'ambo ya maji. Kwa hiyo hapo mbele ya hoteli hakuwa amekuja kutafuta kibarua cha siku moja.

"Sawa, mama, nakuchukua," mzee akasema. "Ila jambo moja. Marehemu ndiye aliyekuwa akichinja. Mimi magoti yangu hayanipeleki majini, na ndege aliyekufa kabla ya kisu mimi simli. Sasa nani atachinja?"

Huku kwetu mwanamke akiwa na kuku na mume hayupo, utamwona anashika njia na kuku kwapani, akitafuta mwanamume wa kumchinjia, hata wa kuazima. Ndivyo tulivyokuta mambo. Kumbe mjane alikuwa amemwomba shemeji yake aje na kisu, na shemeji akasema mgongo unamuuma. Nilimwona mjane akiangalia chini, na wale waongozaji mia nne wakianza kutabasamu.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Mimi hapa, mzee! Kisu nimezaliwa nacho mkononi!"

Nilikuwa nimevaa kofia ya viua, ile ya kutariziwa wanayovaa Waislamu, niliyozawadiwa na mgeni wa Lamu, na nilikuwa nikiipenda kwa sababu ilificha upara. Mzee aliponisalimia asubuhi "Asalaam aleikum" nilimjibu vizuri, kama kila mtu wa Garsen anavyojibu. Akaiangalia kofia, akaridhika. Yule mjane naye aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia aliyesema saba mara nane ni mia. Kwa maana yeye alijua kwamba mimi ni Mgiriama niliyeletwa delta na wazazi wangu nikiwa mgongoni, na kwamba kila Jumapili sauti yangu ya besi hutikisa mabati ya kanisa. Lakini hakusema kitu, na mimi nikajiambia kwamba huenda bunduki itakosa.

Kulipopambazuka tulikuwa Idsowe mtoni. Shemeji alikuwa ametutangulia, kakaa juu ya gogo, na begani ana kamba mpya ya nailoni, rangi ya bluu.

"Kamba ya nini, shemeji?" mjane akamuuliza.

"Ya kufungia," akasema. "Mgongo ukipona."

Tukaingia mtumbwini, mzee mbele na bunduki yake, mimi katikati kama gunia la chumvi, mjane nyuma na upondo. Hebu niseme jinsi alivyosukuma. Upondo uliingia majini bila sauti, ukatoka bila tone, na mtumbwi ukateleza juu ya mayungiyungi kama tonge la ugali kwenye koo lenye njaa. Mimi nilikuwa nimeshikilia pande zote mbili nikihesabu mamba. Nilihesabu elfu mbili. Mjane alisema ni magogo.

"Bwana Cheti," akaninong'oneza kwa nyuma, "umeniingiza wapi?"

"Usijali, mama. Nitajua la kufanya."

"Hesabu za kugawanya pia ulisema hivyo hivyo."

Kwenye ukingo mmoja tulikuta mfugaji, Muorma, na ng'ombe wake wanakunywa. Mjane akasimamisha mtumbwi. Wakasalimiana, na wenye kuwajua Waorma wanajua kwamba salamu zile si za mtu mwenye haraka: hujambo wewe, hajambo mama, hawajambo watoto, mvua je, nyasi je, ndama je. Nilizeeka mwaka mzima. Ndipo mwishoni kabisa akauliza, kama jambo la kupitisha tu, "Na kesho mnahamia wapi?"

"Nyuma ya ile minyaa. Maji yameshuka, nyasi zinachipua."

"Haya, tusalimie nyumbani."

Akageuza mtumbwi, akamweleza mzee polepole: majani mapya yanayotoka maji yakishuka, bata bukini huyapenda kuliko kitu chochote. Ng'ombe nao huyapenda. Kwa hiyo ng'ombe watakakokuwa kesho, bukini wako huko leo. "Baba watoto hakuwa mchawi," akasema. "Alikuwa anajua kusalimia."

Na walikuwepo! Nilipoinua kichwa juu ya matete nikaona bata wa kila aina, wale wadogo wanaopiga miluzi wamejaa hadi maji hayaonekani, na bukini weusi wakubwa kama mbuzi wakitembea kwenye nyasi kama wazee wa baraza. Waliporuka mchana ukawa giza, na mimi nikatamani niwe na taa.

Mzee akasema Bismillahi, akapiga. Bata wawili wadogo wakaanguka wameshakufa kabisa. Nikashukuru moyoni.

"Hao waachieni kunguru," mzee akasema.

Iliniuma. Bata wanono vile! "Mzee," nikasema, "usiwatupe. Nina jirani yangu, Mkristo, ana watoto wengi."

"Jirani yupi?" mjane akauliza nyuma yangu, sauti tamu kabisa.

"Wa karibu sana," nikasema.

Bunduki ikalia tena, na safari hii akaanguka bukini. Akaangukia majini hatua ishirini mbele yetu, bawa moja limevunjika, lakini yuko hai, anapiga maji kama mashine ya kusaga. "Mfuate!" mzee akapiga kelele. Mjane akausukuma mtumbwi kwa nguvu, na mimi nikajikuta nimeruka. Maji yalikuwa ya kiunoni. Nikamkumbatia bukini yule, naye akanikumbatia. Kama hujawahi kuwa karibu na bukini wa huku, ana mwiba kwenye kiungo cha bawa, na mwiba ule aliutumia kwangu kama askari kanzu aliyekosa hongo. Alinipiga makofi mia moja kwa bawa zima na mengine hamsini kwa lile lililovunjika. Alama iko hapa shavuni mpaka leo.

"Chinja!" mzee akasema. "Sema Bismillahi, chinja, anakata roho!"

Kisu nilikuwa nacho. Mkono niliuinua. Nawaambia kweli, ningefanya. Ningesema lile neno na ningekata, kwa sababu nilikuwa nikiiona ile kamba ya bluu, na niliona njia nyingine hakuna.

Mkono ukanishika kwa juu. Mjane alikuwa ameinama kutoka mtumbwini, upondo kauacha, maji yanamtiririka kwenye mikono.

"Ngoja," akasema. Kisha, kwa mzee: "Huyu anakwenda kanisani. Kofia ni ya jua tu. Nilijua tangu jana, nikanyamaza, kosa ni langu. Lakini siwezi kukulisha hivi, mzee wangu. Umekula mikate yangu miaka yote, ile aliyokuletea marehemu."

Mzee akaniangalia. Nikavua kofia, sijui kwa nini, na upara ukang'aa juani.

"Kumbe jirani ndiye wewe," akasema.

"Ndiye mimi, mzee."

Bukini alikuwa ameanza kulegea mikononi mwangu. Mzee akamwangalia bukini, akamwangalia mjane. "Na wewe mama, huswali?"

"Naswali."

"Kisu hujui kukishika?"

"Nakijua. Lakini mimi ni mwanamke."

"Kwani nani kakukataza? Bibi yangu mzaa mama alichinja kuku mpaka mkono ukatetemeka kwa uzee, na babu alikula akiomba nyongeza. Chinja, mama. Chinja, ndege anakufa!"

Akakichukua kisu kwangu. Akateremka majini na kanga yake, akamgeuza bukini kuelekea kibla, na mimi nikashika miguu. Akaweka kisu shingoni. Bismillahi Allahu Akbar. Mara moja tu. Halafu akaosha kisu, akapanda mtumbwini, akashika upondo kama kwamba hakuna lililotokea, lakini nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, mtu anayezuia kulia au kucheka.

Siku ile alichinja bukini wanne na bata saba. Mimi nilishika miguu ya wote, na wale wawili wa kwanza nilikuwa nimewaficha chini ya shati.

Tulirudi Idsowe jua limepanda. Shemeji alikuwa pale pale kwenye gogo. Akawatazama ndege, akanitazama shavu, akatazama kisu kiunoni mwa mjane.

"Nani kachinja?"

Mjane akafungua mdomo, lakini mzee akamtangulia. "Mwenye mtumbwi," akasema, akapita.

Bukini mmoja alipikwa pale pale nyumbani kwa mjane, kwa tui zito, na wali wa mpunga wake mwenyewe. Sinia likawekwa chini ya upenu. Mzee akanawa, akala, akafumba macho. Mimi nikala. Shemeji alisimama mlangoni na kamba yake begani.

"Karibu, bwana," mzee akamwambia.

"Nimeshiba."

Hakuna aliyembembeleza. Tukaendelea kula. Harufu ya tui ilikuwa inaweza kumfufua maiti, na nilimwona akimeza mate mara mia tatu. Mjane hakumwangalia. Alikuja tu akaongeza mchuzi, akaacha nafasi upande wa mlango, akaweka birika la maji ya kunawa hapo. Akasimama karibu na birika, akangoja, na mimi nikasahau kutafuna.

Shemeji akashusha kamba. Akanawa. Akakaa, akasema Bismillahi kwa sauti ambayo hata kuku walisikia, na akachukua paja. Lile nililokuwa nimelipigia mahesabu! Sikuwahi kufurahi hivyo kunyang'anywa nyama.

Alipomaliza alinyanyuka, akateremka mtoni. Sisi tukamfuata kwa macho. Alikata kamba kuukuu ya katani iliyokuwa kwenye mtumbwi, akafunga ile ya bluu, mafundo matatu, akaivuta kupima.

"Ile ilikuwa imeoza," akamwambia mjane aliporudi, huku akiangalia mti. "Mtumbwi wako ungechukuliwa na maji."

"Ahsante, shemeji," mjane akasema. "Mgongo je?"

"Afadhali."

"Basi kesho uje mapema. Huyu Bwana Cheti hajui kubeba bata bila kuwaweka ndani ya shati."