Usiku Ambao Tajudini Hakupiga Simu

Tajudini ni fundi wa pikipiki katika mtaa wa Bwiza. Tangu mkewe afariki, usingizi ulimkimbia, akawa anakesha na redio, akisikiliza kipindi cha salamu na nyimbo za zamani. Mtangazaji, Adolphe, alipokea simu yake karibu kila usiku.

“Tajudini wa Bwiza, leo tukupigie wimbo gani?”

“Rumba, ndugu yangu. Ile gitaa yake inalia polepole.”

Rumba hiyo mkewe aliiimba akichambua mchele, maneno akiyakosea bila kujali. Ikipigwa, Tajudini aliyasikia makosa yale yote, akatabasamu gizani.

Usiku mmoja wa mvua hakupiga simu. Adolphe alingoja, kisha akasema hewani: “Mzee Tajudini, mbona kimya? Kama kuna jirani yake anasikia, amuangalie.”

Jirani huyo alikuwa Soumaya, muuza vitenge. Kipindi hakukifuata, lakini ukuta ulikuwa mwembamba, na redio ya mzee ilikuwa inamwita mwenyewe kwa jina, naye haitiki. Akatoka, akagonga.

“Mzee! We uko muzima?”

Akasukuma mlango, ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akamwamsha kaka yake Djibril, wakauvunja. Tajudini alikuwa sakafuni, mwili unawaka, hajitambui. Wakamkimbiza hospitali kwa teksi. Ilikuwa malaria kali. Daktari alisema wangesubiri kuche, wangemkosa.

Kesho yake Soumaya alipeleka habari redioni. Jioni wakaanza kuja hospitalini wageni wasiowajua, yaani wasikilizaji waliomjua mgonjwa kwa sauti tu. Mama mmoja wa mtaa wa Ngagara aliingia na chupa ya uji.

“Mi ni Léoncie. Ule mwenye kuombaka wimbo kwa redio, nyuma yako tu.”

“Mama Léoncie!” Tajudini akajiinua kwa kiwiko. “Sauti yako naijua kama ya dada yangu.” Machozi yakamshinda.

“Apana lia, mzee. Kunywa uji kwanza, ungali moto.”

Alipopona, alimpa Soumaya mkono, akasema, “Mungu akulipe, binti yangu.” Kisha akaenda redioni. Kwa ile sauti nzito alimdhania Adolphe jitu la mtu. Akakuta mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani. Akamkumbatia hadi miwani ikadondoka.

“Alhamdulillah,” akasema. “Kumbe ni wewe.”