Pikipiki ya Masista

Kwetu mtumbwi mpya hauingii majini mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba aukalie. Njo desturi ya watu wa papa yangu, waliotoka kule juu, kaskazini ya ziwa, wakifuata ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika mchangani. Mtumbwi unawekwa kavu, mama mzee anaingia, anakaa katikati, anakula kitu kidogo, na watu wote wanafunga midomo. Akimaliza kula anasema neno moja tu. Akisema "kinakaa", chombo kinasukumwa. Akisema "hakikai", kinarudi kwa fundi, na fundi hana ruhusa ya kununa.

Papa yangu ni mvuvi na kila kitu duniani anakiona kama mtumbwi, kwa hiyo desturi hiyo aliipanua mpaka ikatuchosha. Kanapé mpya ya sebuleni, koko, mama yake papa, aliikalia. Kitanda cha mama, koko alikikalia. Siku moja papa aliingia na jiko jipya la mkaa, akaliweka chini, akamtazama mama yake kwa heshima na kungoja. Koko alimtukana siku nzima, na mama yangu alicheka mpaka akaunguza bugali.

Sasa papa alipokubali kununua pikipiki ya nyumba, na kwamba mimi njo nitaiendesha, nilielewa palepale kwamba sina kazi ya kumbembeleza yeye. Kazi yangu ilikuwa makalio ya koko.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, binti wa kwanza, na wadogo zangu wote walikuwa bado wa kukimbiza mpira wa matambara. Kuendesha nilikuwa nimejifunza kwenye pikipiki ya mjomba, kwa kumsumbua mpaka akachoka. Pikipiki yetu ilikuwa na kazi ya kutoa ndagala mbichi mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, na kuzifikisha sokoni kwa mama kabla jua halijaziharibu. Na ilikuwa na kazi nyingine, ile papa aliyoitaja mwisho, kwa sauti ya chini: kumpeleka koko Lubuye.

Kule Lubuye anaishi rafiki ya koko. Hao wawili waliuza ndagala kwenye mkeka mmoja, wakinusa tumbako ya mkebe mmoja, tangu papa yangu ananyonya. Wamegombana juu ya kila kitu, wamezikiana waume, wamefichiana siri ambazo hata leo hatuzijui. Halafu macho ya yule rafiki yakazima, na goti la koko likakataa kazi. Yule hawezi kuja, huyu hawezi kwenda. Walikuwa wanatumiana salamu kwa watoto wa shule, na watoto wa shule ni waongo, wanasahau salamu njiani wanatunga zao. Koko alikuwa anajua. "Hii si maneno yake," alikuwa anasema. "Yeye hawezi kunitakia afya njema bila kunitukana kwanza."

Mutasema, si achukue taksi-moto? Alichukua, mara moja. Pikipiki ilikuwa ndefu, goti halikupanda, basi vijana wa taksi wakamshika huyu huku huyu kule na kumnyanyua kama gunia la mihogo. Kitenge kikafunguka mbele ya watu, njiani, mchana kweupe. Koko alishuka, akarudi nyumbani na fimbo yake, akakaa kwenye kiti chake cha jikoni. Tangu siku ile aliapa: muntu hatambeba tena akiwa na roho mwilini. Wakimbeba, iwe ni kwenda makaburini. Na hakutoka tena kwenye lupango letu, ule ua wa nyumba, hata kwenda misa.

Haya yote niliyajua. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiona ile nyekundu.

Ilikuwa kwa muuzaji mmoja karibu na stesheni ya treni, anayevusha pikipiki kutoka Kigoma. Mama weee! Nyekundu ya kupayuka, kiti kimenyanyuka nyuma, ekzosi yake ikinguruma watu wanageuka. Vijana wa mtaa wetu walikuwa wananiambia kila siku kwamba binti akipanda pikipiki apande nyuma, na kama ni lazima aendeshe, basi kuna ile nyingine pale kwenye kona ya lupango la muuzaji. Ile nyingine ilikuwa kitu kifupi, rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa chai, na katikati yake kuna nafasi ya kupitisha miguu bila kunyanyua sketi. Mjini kote inajulikana: pikipiki ya masista. Kuku wa muuzaji walikuwa wanalala juu yake. Nilisema afadhali nibebe ndagala kichwani mpaka shingo iingie tumboni.

Nikaanza kazi. Koko alikuwa na tamaa moja kubwa, tumbako ya kunusa, na papa alikuwa ameikataza kwa sababu ya kikohozi. Basi nikawa namletea. Namwekea kwenye mkebe mdogo wa dawa ya mafuta, naufunika kwa mandazi, napita mbele ya papa na uso wa malaika. Koko ananusa, anapiga chafya kwenye mto ili asisikike, anapangusa machozi ya furaha.

"Unataka nini?" aliniuliza siku ya kwanza. Koko hakuwa mjinga.

"Ile nyekundu."

"Inakaa?"

"Utasema wewe, koko."

"Eeh. Ongeza tumbako."

Siku ya kuchagua tulikwenda sisi watatu. Koko alitoka lupangoni mara ya kwanza tangu kile kiapo, kwa miguu, akipumzika kila penye jiwe la kukalia, na kila tulipopumzika alinikonyeza. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya soli nene kuliko vyote nilivyovipata, kwa sababu, niseme tu, kwenye ile nyekundu miguu yangu ilikuwa inagusa chini kwa ncha za vidole. Hiyo nayo niliifanya siri.

Papa alianza kukagua pikipiki kama mitumbwi. Alizishika huku na huku na kuziyumbisha. Alipiga tangi kwa ngumi akasikiliza kama kuna ufa. "Ikibeba mzigo mbele, haizami pua?" alimuuliza muuzaji. Muuzaji alinitazama, nikatazama juu. Halafu papa akaona ile ya magurudumu matatu, ya kubebea saruji, na macho yake yakang'aa. "Hii haipinduki!" alisema. "Hii njo chombo!" Niliomba kwa watakatifu wote ninaowajua na wengine niliowatunga palepale. Muuzaji akasema imekwisha nunuliwa na muntu. Sijui kama ni kweli, lakini nampenda yule baba hadi leo.

"Basi mama achague," papa alisema. Wasaidizi wa muuzaji wakaisogeza ile nyekundu mbele, maana nilikuwa nimekwisha kuwaonyesha kwa kidevu.

Koko aliikaribia. Aliitazama kutoka chini, jinsi muntu anavyotazama paa la nyumba. Alijaribu mguu mzuri, haukufika. Alijaribu kwa fimbo. Nikaona papa anafungua mdomo aseme tuache, na koko akamwinulia mkono anyamaze. Halafu akawageukia wale vijana wawili, akawaambia, "Munibebe."

Papa yangu alishtuka. Mimi nilishtuka zaidi. Vijana walimshika huku na kule, wakamnyanyua, kitenge kikapanda, akakishika kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukitafuta pa kushika hewani. Wakamtua juu. Akakaa kule, miguu inaning'inia, na macho kayafunga. Watu wa njiani walikuwa wamesimama kutazama. Akatoa andazi langu kwenye kitenge, akaanza kula kama desturi inavyotaka, polepole, sukari ikimwagikia tangi jekundu.

Alimaliza. Akafungua macho, akanitafuta mimi, si papa.

"Kinakaa," alisema.

Kwa hiyo pikipiki ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeshinda! Ningenyamaza tu, pumzi moja, papa angetoa pesa na jioni ile ile vijana wa mtaa wangemeza ndimi zao. Na koko angerudi kwenye kiti chake cha jikoni kukaa na salamu za uongo mpaka siku ya kubebwa kweli. Alikuwa anajua hivyo vizuri kuliko mimi. Ameuza Lubuye yake yote kwa ajili yangu, na sikuamini kwamba ni kwa tumbako ile mbovu. Nilisikia hasira, sijui hata ya nani, ikanipanda kutoka kwenye zile soli nene.

"Hakikai!" nilipiga kelele.

Papa aligeuka taratibu. Tangu watu wake waanze kuchonga mitumbwi, hakuna mutoto aliyewahi kusema neno lile. "Nani amekupa mdomo?"

"Hakikai, papa! Ni kirefu! Miguu yangu haifiki!" Nikavua kiatu kimoja nikamwonyesha soli. Muuzaji akaanza kucheka, akajikohoza. "Na yeye atapandaje? Kila safari tutafute vijana wa kumbeba? Koko, shuka!"

"Wee mutoto," koko alisema kutoka juu, na alikuwa amekasirika kweli, "nimekwisha kusema kinakaa. Nimekula na andazi!"

"Shuka!"

"Nishuke kwa nini, kwa mabawa?"

Ikabidi abebwe tena kushuka, na hilo nalo lilikuwa kosa langu, na aliniambia hivyo akiwa bado hewani. Fimbo ilipogusa chini alinisukuma pembeni. Mimi nilikwenda kwenye kona, nikafukuza kuku, nikaivuta ile pikipiki ya masista mpaka katikati ya lupango. Moyo ulikuwa unaniuma kabisa. Ilikuwa mbaya, jamani. Hata kwa karibu ilikuwa mbaya.

Koko aliitazama kwa muda. Akaizunguka mara moja. Halafu akaigeuzia mgongo, akashusha makalio, akakaa, kama anavyokaa kwenye kiti chake cha jikoni kila asubuhi. Hakuna aliyemgusa. Miguu yote miwili ilibaki karibu na mchanga. Wote tukafunga midomo.

Desturi inasema lazima ale, na andazi lilikuwa limekwisha kwenye ile nyekundu. Koko alipapasa kitenge. Akapapasa tena. Halafu akatoa mkebe wangu wa dawa ya mafuta, akaufungua mbele ya mwanawe, akachukua tumbako kwa vidole viwili, akavuta pua ya kulia, akavuta pua ya kushoto, akapiga chafya ambayo iliwakimbiza kuku mpaka barabarani.

"Kinakaa," alisema, machozi yakimtoka.

Papa alitazama mkebe. Akanitazama mimi, na kiatu changu mkononi. Alielewa mambo yote kwa mpigo mmoja, mandazi, uso wa malaika, yote. Nilingoja kofi. Alichukua mkebe, akautia mfukoni, akamgeukia muuzaji wakaanza kubishana bei, na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Mpaka leo anakataa kwamba alikuwa anacheka.

Nyumbani hatukurudi. Koko hakushuka. "Lubuye," alisema, na papa akarudi kwa miguu peke yake.

Tulipita mtaani kwetu, sikuwa na njia nyingine. Wale vijana walikuwapo wote, Mungu hakuninyima hata mmoja. "Sista! Sista, utuombee!" Niliachia mkono mmoja nikawabariki kwa ishara ya msalaba, nikakaribia kuingia mtaroni, na koko akanipiga mgongoni. "Shika chombo! Na uongeze mwendo, unaendesha kama mgonjwa." Nikaongeza. Kile kitu kibaya kilipita mashimo yote bila kuruka, na miguu yangu ilifika chini kila niliposimama, bila soli.

Rafiki ya koko alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, uso ameuelekeza njiani. Alisikia mlio wa pikipiki ukizima.

"Ni masista?" aliuliza. "Mumeniletea komunyo?"

"Komunyo ya nini, mwenye dhambi wewe," koko alisema. "Ni miye."

 Mikono ya yule mama mzee ilianza kutafuta hewani. Koko alisimika fimbo chini, akasimama kutoka kwenye kiti cha pikipiki, akaenda mwenyewe mpaka mikono ile ikamfikia. Ikampapasa uso, mabega, kitenge, ikashuka mpaka kwenye goti.

"Nani amekubeba?"

"Hakuna muntu amenibeba."

"Muongo. Na goti hili?"

"Hakuna muntu amenibeba," koko alirudia kwa sauti ya juu, majirani wasikie, na sauti ikamkatika katikati. Nilijifanya nakagua gurudumu.

Akakaa karibu naye, bega kwa bega. Halafu akafungua fundo lingine la kitenge, lile papa hakulijua, na mimi pia sikulijua, akashika mkono wa rafiki yake, akamwekea tumbako kiganjani.