Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Karakanani walimwita Kaza, maana kila nati aliikaza, akaiangalia, kisha akairudia. Wenzake walimtania kwamba hata chupa yake ya chai haifunguki bila spana. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya kutengeneza ndege ndogo, na hakuna rubani aliyewahi kumlalamikia.

Jumanne moja alikuwa akibadilisha paipu ya petroli kwenye injini ya ndege ya kusafirishia dawa. Nati ya mwisho alikuwa ameizungusha kwa vidole tu, mkuu wa karakana alipokuja kumtoa akashughulikie ndege ya mteja mkubwa. Kaza aliomba dakika mbili amalizie. Mkuu akakataa, akasema ile ya dawa haiendi popote hadi kesho. Basi Kaza akaandika kwenye kadi ya kazi kwa herufi kubwa: NATI HAIJAKAZWA, ISIRUKE. Akaitundika kwenye usukani.

Saa nane mchana, dawa zilipotakiwa haraka, ndege ile ikaruka. Rubani alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Haikumaliza robo saa angani. Mtikisiko uliilegeza nati, petroli ikarukia bomba la moshi lililokuwa la moto kama kaa. Injini ikakohoa, ikazima, na ndimi za moto zikapenya hadi usukani, mikononi mwa rubani. Aliielekeza ndege kwenye shamba la alizeti, ikatua kwa tumbo. Akatoka akitambaa, mikono yote miwili imeungua.

Kaza alifika hospitali na ovaroli yake ya kazini. Mdogo wake alikuwa ameketi nje ya wodi, macho makavu.

"Dada, wanasema injini ile uliifunga wewe."

Kaza akamsimulia yote huku akilia. Mdogo wake alimsikiliza hadi mwisho.

"Basi usinililie mimi," alisema. "Nenda kawaambie huko karakanani."

Alirudi karakanani siku hiyo hiyo. Kwenye faili la ndege ile kadi yake haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kadi mpya, safi, kazi yote imewekewa alama ya kukamilika, jina lake kama fundi, na chini sahihi ya mkuu. Damu ikamchemka. Mkuu akamvuta pembeni, akamwambia kwa upole kwamba mambo haya humalizwa ndani, wao ni familia moja.

"Familia yangu iko wodini, imechunika ngozi," Kaza alisema. "Kadi yangu iko wapi?"

Mkuu akamwacha pale, akaingia ofisini.

Mbele ya wachunguzi wa ajali Kaza aliongea kwa hasira. Wiki nzima lilikuwa neno lake dhidi ya la mkuu. Ndipo mtunza stoo akakiri kwamba alimwona mkuu akiikunja kadi na kuitia mfukoni kabla ndege haijaruka. Hilo nalo lilimuuma Kaza: mtu huyo alikuwa akimsalimia kila asubuhi, amefunga mdomo.

Mkuu alinyang'anywa leseni. Alimsubiri Kaza langoni amwombe radhi. Kaza akampita kama anapita nguzo.

Shemeji alipona, ila vidole haviwezi tena kufunga kifungo cha shati. Siku moja alimsihi Kaza aliachilie jambo hilo, kwani yeye mwenyewe keshasamehe.

"Wewe samehe, shemeji, ni haki yako," Kaza alimjibu, akimfunga vifungo. "Mimi bado."