Mama Kidole, fundi anayezipima tovuti juani

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mwanamke mmoja amesimama kando ya barabara akiwa na simu kadhaa kifuani, zimening'inia shingoni kwa kamba mithili ya vitambulisho vya kazini. Moja ina ufa unaokata kioo pembe hadi pembe. Nyingine mfuniko wake wa nyuma umeshikiliwa na mpira wa nywele.

Anachukua ile yenye ufa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umebeba kikapu chenye mawe, ndiyo, mawe, ili apate uzito wa mtu anayetoka sokoni. Anaanza kusukuma ukurasa kwa kidole gumba peke yake. Anakunja uso, anajaribu tena, kisha anageuka na kurudi ndani mbio kana kwamba ameacha sufuria jikoni.

"Dada, hiyo ya mwisho bei gani?" mpita njia mmoja anamuuliza.

"Siuzi bwana, natafuta makosa," anamjibu bila kusimama.

Mtaani wanamwita Mama Kidole, na jina hilo analibeba kifua mbele. Kazi yake ni kuzichukua tovuti zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani na kuzifanya zisomeke bila taabu kwenye simu. Sharti lake ni moja: chochote kilichopo kwenye ukurasa kifikiwe kwa kidole gumba cha mkono ulioshika simu. Kisipofikiwa, kazi haijaisha.

"Tovuti zinatengenezwa ofisini, kivulini, feni inazunguka," anasema. "Zinasomwa wapi? Kwenye foleni. Kituoni. Mtoto mgongoni, jua usoni. Sasa mimi nikizipima chini ya feni si nitakuwa najidanganya?"

Mumewe, fundi bomba mwenye maneno mengi, anasema ugonjwa huo umeingia hadi nyumbani. "Hata kabati la jikoni amenishushisha, eti mkono usihangaike. Mimi mrefu, kila siku najigonga goti."

Mama Kidole ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kabla ya kazi hii alikuwa fundi cherehani kwa miaka tisa katika duka la nguo za harusi. Mwenye duka alitengenezewa tovuti iliyomgharimu pesa nzuri, lakini wateja wakawa wanapiga simu kuuliza bei ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa humo. Hawakuwa wavivu wa kusoma. Kwenye simu zao, bei zilikuwa ndogo kama mchanga.

Akaanza kujifunza mwenyewe kwa video za mtandaoni wakati wa mapumziko ya mchana, vipande vya vitambaa vikiwa bado mapajani. Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi simu wa jirani, ambaye alipopewa kazi iliyokamilika alisema hana pesa, akamlipa simu mbovu tatu. "Mwezi ule nilikula kwa jasho la mume wangu," anakumbuka na kucheka. "Lakini zile simu nilizifufua, na ndizo ninazopimia mpaka leo. Simu mpya inakudanganya. Mbovu inasema ukweli."

Ukimwuliza kwa nini tovuti haiwezi tu kupunguzwa ukubwa ikatosha kwenye simu, anarudi kwenye cherehani. "Gauni la mtu mzima huwezi kumvalisha mtoto kwa kulikunja. Unalifumua, unapima, unakata upya. Wengi wanakunja tu, halafu wanashangaa mtoto anajikwaa."

Kazi iliyomtoa jasho kuliko zote aliipata mwaka jana. Hospitali ya macho ilitaka wagonjwa wajiandikishe wakiwa nyumbani kwa ajili ya upasuaji wa mtoto wa jicho, badala ya kupanga foleni nje ya dirisha dogo la mapokezi tangu kabla ya mapambazuko. Tovuti ilikuwepo, ila kila mtu aliyeifungua kwenye simu aliishia kuona picha ya mkurugenzi akikata utepe. Picha ilikuwa kubwa, nzito, na ilimaliza bando la mgonjwa kabla hajaliona hata jina la hospitali.

Ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa kwa jina lake mwenyewe. Lakini si jina lililomnyima raha. Alikuwa na jambo lingine, na jambo hilo liliishi nyumbani kwake, kwenye chumba cha uani, na lilipenda redio yenye sauti kubwa.

Baba yake ni dereva mstaafu wa malori. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, la kushoto likaanza kufuata. Daktari alishasema asicheleweshe. Mzee akakataa kwenda kupanga foleni kwa kushikwa mkono. Binti yake alipojitolea kwenda kumwandikisha, akakataa hilo pia.

"Nimeendesha trela milimani usiku wa mvua," mzee anamsimulia mwandishi wa makala haya jinsi alivyomjibu, akiwa ameegemea mlango wa chumba chake. "Leo niandikiwe jina kama mtoto wa chekechea? Siku nitakayoweza kujiandika mwenyewe, nitakwenda. Nisipoweza, basi."

Ukaidi? Naam, wa kupigiwa mfano. Ila anayemsikiliza vizuri anasikia na hofu ndani yake. Mtu aliyezoea kushika usukani hapendi kukaa kiti cha abiria.

Kwa hiyo Mama Kidole alijua kabisa anafanya kazi kwa ajili ya nani. Akifaulu, baba yake atapata njia ya kwenda kwa daktari bila kumpigia mtu magoti. Akishindwa, hospitali itabaki na dirisha lake, na mzee atabaki uani na redio yake mpaka jicho la pili lizime.

Alianza na picha ya mkurugenzi. Akaitoa mbele, akaipunguza uzito na kuihamishia ukurasa wa nyuma. Mkurugenzi hakufurahi. Muuguzi mkuu wa hospitali, mama mwenye sauti ya upole na uamuzi wa chuma, ndiye aliyemaliza ubishi huo. "Nilimwambia mkurugenzi, wagonjwa wetu hawaoni vizuri. Hata wakikutazama hawatakufaidi," anasema muuguzi huyo, na haonekani kujuta.

Kisha Mama Kidole akafumua majedwali ya siku za kliniki, akapanua vitufe, akaacha nafasi kati ya kimoja na kingine ili kidole kisiguse viwili kwa pamoja. Akapima juani na kikapu chake cha mawe. Akamkabidhi baba yake simu moja, akamwambia ajaribu. Mzee akaisogeza karibu na pua, akasukuma, akabonyeza, akasema inakwenda kama gari lililotoka gereji.

"Nilitembea siku ile kama nimeshinda uchaguzi," Mama Kidole anasema.

Siku ya majaribio hospitalini, wagonjwa walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa kusubiri. Sharti la muuguzi mkuu lilikuwa kwamba kila mmoja atumie simu yake, na asisaidiwe na mtu. Walichagua siku, mmoja baada ya mwingine, wakarudisha simu mifukoni. "Tayari," wakasema. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye miwani minene, alimaliza wa kwanza na kuanza kufuma sweta lake.

Kwenye kompyuta ya mapokezi, ambako majina yalipaswa kutokea, kulitokea jina la mtu mmoja tu.

Mama Kidole alianza kutafuta kosa. Aliangalia mtandao, upo. Aliangalia kompyuta, nzima. Mwisho akamwomba yule mwalimu amwoneshe simu yake. Alipoishika tu, akaelewa, na akatamani ardhi ipasuke.

Herufi kwenye simu ya mwalimu zilikuwa kubwa kama za ubaoni. Alikuwa amezikuza kwenye mipangilio ya simu, kwa sababu bila hivyo haoni. Karibu benchi zima lilikuwa limefanya hivyo hivyo. Na herufi zilipokua, zilikisukuma kitufe cha kuthibitisha hadi nje ya kioo, upande wa kulia, ambako hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kutafuta. Wagonjwa walikuwa wamefika mwisho wa kile wanachokiona, wakadhani ndio mwisho wa safari. Aliyefaulu alikuwa mke wa mgonjwa, aliyekiuka sharti na kumwandikisha mumewe kwa simu yake yeye. Macho yake ni mazima.

"Nilikuwa na simu za kila aina," anasema Mama Kidole, na hapa hacheki. "Kubwa, ndogo, mbovu. Na zote nimeziweka herufi za macho yangu mimi. Natengeneza tovuti ya wagonjwa wa macho, sijawahi kujiuliza wao wanaziwekaje simu zao. Nilipima simu, sikupima watu."

Aliporudi nyumbani alikwenda moja kwa moja uani, akaomba kuiona simu ya baba yake, ambayo mzee huwa haruhusu iguswe. Herufi zilikuwa kubwa vilevile.

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulinipa simu yako nijaribu, nikajaribu simu yako. Nilikuwa naona kwa tabu, ila uliniangalia kwa matumaini, nikasema nisikuvunje moyo."

Alikaa kwenye kizingiti cha chumba cha mzee akalia. Baba yake akazima redio, jambo ambalo mumewe anaapa halijawahi kutokea. Baadaye mzee akamuuliza swali moja: "Sasa breki zimegoma, unaacha gari barabarani?"

Muuguzi mkuu alimpa wiki moja. Ikishindikana, wagonjwa wanaendelea na foleni ya dirishani.

Njia ya mkato ilikuwepo. Angeweza kukivuta kile kitufe kikarudi ndani ya kioo, akaendelea na maisha. Aliikataa. Alifumua ukurasa wote wa kujiandikisha akaugawa, swali moja kwa kila kioo: jina, kisha simu, kisha siku. Maneno yanapokua yanashuka mstari wa chini, hayatoroki pembeni. Kitufe cha kuendelea kimelala chini kabisa, kimeenea kutoka ukingo hadi ukingo, na kimeandikwa wazi kwamba bado hujamaliza au sasa umemaliza.

Safari hii hakupima barabarani tu. Alibisha hodi kwa mwalimu mstaafu, akaomba kukaa pembeni yake amtazame akitumia simu yake mwenyewe, bila kumwelekeza kitu. "Alikaa hapo kama mwanafunzi aliyeshikwa akiibia mtihani," anasema mwalimu huyo. "Kila nikikosea, ananiomba radhi yeye. Nikamwambia, binti, acha kuniomba radhi, andika nilipokwama."

Kisha akaenda uani. Baba yake akaitoa ile simu isiyoguswa, akaishika mwenyewe, binti akatazama kutoka nyuma ya bega. Maneno mawili yakabadilishwa kwa sababu mzee alisema yana harufu ya ofisi.

Majaribio ya pili yalifanyika kwenye ukumbi uleule, mabenchi yaleyale. Mama Kidole alisimama karibu na kompyuta ya mapokezi, mikono nyuma, roho juu. Jina la kwanza likaingia. La pili. Halafu yakaja kwa mfululizo, hata mhudumu wa mapokezi akaanza kuyasoma kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Mwalimu alipoona neno "Umemaliza" kwenye kioo chake, alisimama na kulisoma kwa nguvu, ukumbi ukapiga makofi.

"Niseme ukweli, nilijivunia," anasema Mama Kidole. "Watu wengine wanaona aibu kusema hivyo. Mimi sioni. Nilikosea mbele za watu, na nikarekebisha mbele za watu."

Anastahili, na mwandishi huyu anaongeza sauti yake hapo. Leo asubuhi nje ya lile dirisha hapakuwa na foleni. Palikuwa na muuza karanga aliyelalamika kwamba biashara imekufa.

Tovuti ilipofunguliwa rasmi, Mama Kidole hakumwambia baba yake neno. Alijua akimsukuma tu, mzee atatia breki. Siku zikapita. Mumewe anasema alikuwa akiosha vyombo huku sikio liko uani.

Asubuhi moja mzee alimwita, akamtangazia kwamba amejiandikisha.

"Lini, baba?"

"Hiyo ni kati yangu na daktari."

Mwanamke aliyeijenga upya tovuti hiyo kwa mikono yake, mwenye funguo za kila ukurasa, angeweza kuichungulia tarehe hiyo kwa kubonyeza mara moja. Hakuchungulia. "Ingekuwa sawa na kumwandikia jina," anasema. "Nilikaa na kiherehere changu."

Sasa ana mpango mwingine. Anataka tovuti hiyo isome kwa sauti, ili asiyeona kabisa naye ajiandikishe bila kumkabidhi mtu simu yake. Tayari ameanza kuipima: amejifunga leso machoni na kupapasa kioo, mumewe akisogeza viti njiani asije akaanguka. Muuguzi mkuu amekubali kumtafutia wagonjwa wa kumsahihisha, na mara hii anaanza nao kabla hajakata kitambaa hata kidogo.

Tarehe ya mzee ameijua jana tu. Alikuwa mezani na kazi yake, mlango wa uani ukafunguliwa, baba yake akasimama pale, amenyoa ndevu na kuvaa shati la kutokea ingawa hakuwa na safari.

"Ni kesho kutwa, saa mbili asubuhi," mzee alisema. "Wanasema nije na mtu wa kunisindikiza. Wewe una nafasi, au na kwako nijiandikishe?"